Sanduku Kando ya Kiti cha Nahodha

Mama Vifungo alikuwa na cherehani, mabinti walioolewa mbali, na mume aliyestaafu. Cherehani ilimtii, mabinti walimpigia simu, na mume alitoroka kila siku baada ya chakula cha mchana.

Hakutoroka kwa kuruka ukuta. Alinawa mikono, akasema ahsante, akavaa ile kofia yake ya kazi ambayo haikuwa na kazi tena, akatoka kama mtu anayekwenda kutazama kama mvua itanyesha. Basi, haonekani mpaka jua limelala. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema, "Hapo tu." Na hiyo "hapo tu" mkewe aliijua vizuri, maana ndiyo aliyokuwa akiisikia kwenye simu miaka yote mumewe alipokuwa akiendesha lori la masafa marefu. Uko wapi, baba watoto? Hapo tu. Na hapo tu yenyewe ilikuwa mipaka kadhaa kutoka nyumbani.

Alimsubiri mtu huyu ujana wake wote. Dereva alikuwa akirudi ananuka dizeli, analala kutwa nzima, anakula kama aliyefungiwa, na kabla hajauzoea mto wake honi inalia nje. Ndiyo maana siku kampuni ilipompa mkono wa kwaheri, pamoja na saa ya ukutani na kofia mpya, mkewe alishona mapazia ya nyumba nzima kama bibi harusi. Akajiambia, sasa mume nimempata. Mapazia hayajafifia hata kidogo, mume keshapata njia nyingine.

Aliyemletea habari kamili ni wifi yake, dada wa mumewe, mama mnene mwenye mdomo usiozimika, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio. Redio alikuja kupunguziwa gauni. Ukweli ni kwamba lilihitaji kuongezwa, lakini mwenyewe alisema kupunguzwa, na Mama Vifungo, kwa kulinda undugu, alikuwa akiongeza kimya kimya. Akiwa amesimama juu ya kigoda, amezungukwa na pini mwili mzima, Redio akatangaza kwamba kaka yake anaonekana kila alasiri kwenye chumba cha gemu nyuma ya duka la dawa. Ana chombo cha kwenda angani. Huko angani anaitwa Nahodha. Na kuna mwanamke.

"Mwanamke gani?"

"Wa samawati," Redio akasema. "Samawati toka utosini mpaka unyayoni, wifi yangu, nimemwona kwa macho haya nikipita dirishani. Kila kaka akitua, yeye ndiye anayempokea. Shingo ndefu kama chupa. Na hajazaa hata mmoja wa kumharibia kiuno."

Mama Vifungo alikuwa na pini mdomoni, jambo lililomwokoa asijibu. Akacheka kwa pua. Redio akamfariji kwamba mke mwenza wa angani ana heri zake, kwa sababu haji kuazima chumvi, na hapo wote wawili wakacheka mpaka pini zikaanza kudondoka.

Lakini Redio alipoondoka, Mama Vifungo alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Si kwa ajili ya mwanamke wa samawati, huyo angemmudu. Lilimrudia jambo la zamani, lililokuwa limelala ndani yake kama sindano iliyosahaulika kwenye mto.

Wakati mabinti wakiwa wadogo, aliwahi kuwaacha kwa bibi yao na kuamua kusafiri na mumewe. Alivaa gauni la maua aliloshona kwa ajili hiyo, akafika uwanja wa malori na kikapu chake, akapanda ngazi ndefu mpaka kwenye kiti cha utingo. Akakaa. Kutoka juu kule aliiona barabara kama hajawahi kuiona, imenyooka, inang'aa, inaingia ndani ya milima kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano. Akaelewa kwa mara ya kwanza ni nini kinachomchukua mumewe. Ndipo akaja msimamizi wa malori. Sheria ilikuwa imepakwa rangi mlangoni, abiria hawaruhusiwi, na mke wa dereva ni abiria kama gunia lisilo na hati. Akateremshwa mbele ya madereva wote. Kisigino kikateleza ngazini, mtu akacheka. Na mumewe, mikono kwenye usukani, alitazama mbele, hakufungua mdomo. Lori likaondoka na kiti kitupu.

Hawakulizungumza tena. Ila tangu siku ile Mama Vifungo alikuwa na swali lake moja: huyu mtu alikuwa akiondoka kwa sababu ya kazi, au kazi ilikuwa kisingizio? Sasa kazi imekwisha na bado anaondoka. Jibu lilikuwa kama limeshajileta lenyewe mlangoni. Mama Vifungo hakulifungulia. Akataka kwanza achungulie.

Siku iliyofuata Dereva aliondoka bila miwani. Hakuisahau. Mkewe aliikalia. Akampa muda wa kutosha kufika, akajitanda khanga, akaenda kumpelekea kama mke mwema.

Chumba cha gemu kilikuwa ghala la zamani la dawa, na ukiingia bado ulisikia harufu ya iodini chini ya harufu ya nyaya zilizopata joto. Madirisha yalizibwa kwa makadibodi isipokuwa lile moja la Redio. Ukutani skrini, chini nyaya zimelala kama matumbo, na viti vya plastiki vya kila kabila, vingine vimefungwa kamba miguuni. Mwenye chumba alikuwa msichana mwembamba aliyenyoa kichwa chote, mwepesi kama mjusi, anaitwa Swichi, kwa sababu umeme ukileta ukorofi yeye ndiye anayejua pa kupiga kofi. Alimwamkia Mama Vifungo shikamoo, akampokea kikapu, akamwonyesha pembeni kabisa, kwenye mashine kuukuu kuliko zote.

Hapo ndipo alipokuwa mumewe, ameshika padi ya kuchezea kwa mikono miwili kama usukani, anakodoa macho.

"Umesahau miwani," mkewe akasema.

"Nilidhani nimeiacha mezani," akasema Dereva. Akaivaa, akashukuru, akasogeza kiti cha jirani kidogo kwa mguu. Wala hakushtuka kufumaniwa, na hilo nalo lilimuudhi mkewe.

Akakaa kutazama. Mtu wa kwenye skrini, mzee kidogo, mwenye kofia, alikuwa akizunguka chombo chake uwanjani. Alipiga teke mguu wa kwanza wa chombo, akasikiliza. Akapiga wa pili. Akainama kutazama chini kama kuna mafuta yanavuja. Wachezaji wengine walikuwa wakimcheka kwa hilo tangu siku ya kwanza, kwani gemu haikumtaka mtu akague chochote, unabonyeza, unaondoka. Dereva alikagua. Kisha mwanamke wa samawati akatokea kwenye lango, akatamka sentensi ya kigeni ambayo Swichi aliitafsiri: safari njema, Nahodha. Mama Vifungo akamkagua kuanzia shingo kwenda chini, kwa jicho la fundi. Gauni halikuwa na mshono hata mmoja, wala pindo. Akaona hapo hakuna mwanamke, kuna kitambaa kilichosimama. Na sentensi yake, kwa maelezo ya Swichi, ilikuwa hiyo hiyo moja, asubuhi na jioni, kwa kila mtu. Roho ya Mama Vifungo ikatulia upande huo.

Halafu chombo kikanyanyuka.

Hakuwa amejiandaa. Uwanja ulishuka, mawingu yakapasuka, bluu ikakolea ikawa nyeusi, na katika weusi huo nyota zikatoka, si moja moja kama za uani kwake, bali kwa mafungu, kama mtu aliyemwaga shanga zote za duka. Kushoto dunia kubwa ikajitokeza polepole, ya rangi ya asali, imezungukwa na mviringo mwembamba wa vumbi linalong'aa, na kivuli cha mviringo huo kimelala juu yake kama utepe wa gauni. Mama Vifungo akagundua ameshika mkono wa kiti. Alikuwa ameona vile mara moja tu maishani, kutoka kwenye kiti cha utingo.

"Kumbe," akasema.

"Eeh," akajibu mumewe.

Wakakaa muda mrefu wakitazama. Hakuna kilichotokea. Nyota hazikusogea. Skrini nyingine zote chumbani zilikuwa zikiwaka moto, watu wakikimbizana na madude yenye mikia, ila hii ya pembeni ilikuwa nyeusi na tulivu. Mama Vifungo akauliza wanakwenda wapi, akaambiwa mbele. Akauliza watafika lini. Dereva akafikiri, akasema labda Jumamosi.

Swichi ndiye aliyemweleza, akiwa amechuchumaa kati yao. Gemu hii ina dunia nyingi, na kutoka dunia moja kwenda nyingine mtu anabonyeza kitufe cha kuruka, anapepesa jicho, amefika. Kila mchezaji anaruka. Mzee peke yake, tangu aanze, anakwenda kwa mwendo wa kawaida, kilomita kwa kilomita, alasiri baada ya alasiri. Walimwonyesha kitufe mara nyingi. Aliwajibu kwamba gari linaendeshwa, halirushwi, na kwamba mtu aliyeruka hajui alikopita. Basi wakampa jina la Lori, wakamwachia mashine hiyo kuukuu ambayo hakuna aliyeigombania, na Swichi huiacha safari yake ilivyo mpaka kesho yake.

Jambo jingine Mama Vifungo aliliona mwenyewe. Ndani ya chombo, mbele kwenye kioo, kulikuwa na kiti kimoja cha nahodha. Kando yake, sakafuni, palikuwa na sanduku la mizigo, la bati, limefunikwa blanketi. Kila chombo kilipotikisika kidogo, sanduku liliteleza nyuma. Dereva akaacha usukani, akamwinua yule mzee wake kitini, akalisukuma sanduku mpaka pale pale kando ya kiti, akalinyoosha blanketi, akarudi kukaa. Baada ya muda likateleza tena. Akalisukuma tena.

"Nini hicho?"

"Mzigo," akasema Dereva.

Wenzake walishamtania mpaka wakachoka. Kinyozi, ambaye kiti chake kilitazamana na pembe hiyo, alisema sanduku hilo limepitishwa kwenye bandari zote na halijawahi kukabidhiwa kwa mtu, na kwamba Lori ndiye dereva wa kwanza ulimwenguni na nje ya ulimwengu kukataa kuushusha mzigo wake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo Mama Vifungo hakukalia tena miwani ya mtu. Alibeba kazi yake ya mkono, vifungo na pindo, akaenda kukaa pale kila alasiri. Aliwazoea. Walikuwapo kinyozi, muuguzi wa zamu ambaye alicheza akiwa bado na viatu vyake vyeupe, mwalimu wa hesabu aliyetoroka masahihisho, na ndugu wawili mafundi wa kuchomelea waliofanana mpaka kwa kovu. Alirudishia vifungo mashati yao huku wanapigana vita, na wao wakamletea soda. Mjini habari zikaenea kwamba Mama Vifungo anamlinda mumewe asitoroke na mtu wa samawati. Redio alizisambaza bila malipo.

Na wiki hiyo hiyo chumba kizima kilikuwa na homa. Watengenezaji wa gemu, watu wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona, walikuwa wametangaza kwamba sehemu ya pili iko njiani, na kabla hawajaikamilisha wanataka kuwasikia wachezaji. Kila chumba kirekodi sauti za watu wake, kila mtu aseme anataka nini, zitumwe. Swichi alipanga Jumamosi. Akaazima maikrofoni ya shughuli za harusi.

Watu hawakulala. Ndugu mafundi walitaka bunduki kubwa kuliko chombo chenyewe, na walipoulizwa itabebwaje wakajibu hilo ni tatizo la watengenezaji. Kinyozi alitaka viumbe wa dunia za mbali waote nywele. Alisema inamuuma kuona ulimwengu mzima umekuwa kipara. Mwalimu alitaka gemu iwe na kumbukumbu: ukimdanganya mtu kwenye dunia ya kwanza, akukatae kwenye ya mwisho, hata kama umesahau. Muuguzi alikawia kusema. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenzako akifa chomboni gemu inakupa mwingine palepale, na yeye angetaka kabla ya huyo mwingine kuja, chombo kisimame kidogo.

Mume wa Mama Vifungo hakusema lake. Alipoulizwa alisema ataona.

"Lori tunamjua," kinyozi akasema siku ya Ijumaa. "Ataomba barabara ndefu zaidi. Huyu angepewa njia isiyo na mwisho, nyumbani asingerudi."

Chumba kikacheka. Dereva naye akatabasamu, macho mbele, mikono kwenye padi, hakufungua mdomo. Na ule mtazamo wa mbele, ule mdomo uliofungwa, mkewe aliujua. Sindano ikamchoma kidole mpaka damu ikatoka, akaificha chini ya kitambaa.

Usiku hakumuuliza kitu. Alijua kwamba kesho mtu huyu atasema mbele ya watu anachokitaka, jambo ambalo hajalifanya katika ndoa yao yote, na yeye atakuwepo kulisikia. Akiomba barabara, basi. Atarudi kwenye cherehani yake, na lile swali lake hatajiuliza tena.

Jumamosi alivaa vizuri. Alifungua sanduku la nguo, akapitisha mkono juu ya hili na lile, akatoa gauni la maua. Lilimbana kiunoni, akaongeza kimya kimya.

Chumba kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni; hata Redio alikuja, akapata kiti kilichofungwa kamba na kukiombea. Dereva alikuwa ameshaanza safari. Alipomwona mkewe amevaa lile gauni alilitazama kidogo zaidi ya kawaida yake, kisha akasogeza kiti cha jirani kwa mguu kama siku zote. Swichi akapitisha maikrofoni. Ndugu mafundi wakasema bunduki, kwa pamoja. Kinyozi akadai nywele kwa hotuba ndefu. Mwalimu akaanza kusema juu ya kumbukumbu.

Mama Vifungo hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama skrini yao nyeusi, na kwa jicho lililozoea kuona uzi mmoja uliokatika kwenye kitambaa kizima, aliona nyota moja imezimika.

Akangoja. Ikazimika ya pili, jirani yake. Kisha fungu zima.

"Baba watoto," akanong'ona. "Kuna kitu kinakula nyota."

Dereva alikuwa ameshapunguza mwendo. Weusi mbele yao ulikuwa umekua mviringo, mweusi kuliko weusi mwingine, na ulizidi kupanuka mpaka kioo kizima cha chombo kikabaki na ukingo mwembamba tu wa nyota, kama shanga za shingoni. Swichi akageuka. Akaacha maikrofoni mkononi mwa mwalimu, akaja, akainamia skrini. Akafungua ramani ya gemu, akaifunga, akaifungua tena. Pale walipokuwa ramani ilionyesha patupu.

Walikuwa njiani, katikati ya dunia mbili, mahali ambapo wachezaji wote hupapita kwa kuruka. Na kumbe kulikuwa na dunia hapo. Haikuwa na jua lake, wala jina. Ilikuwa ikielea peke yake gizani, na watu waliipita juu kila siku wakipepesa jicho.

Dereva akawasha taa za mbele. Mwanga ukashuka, ukashuka, ukagusa barafu. Nyanda za barafu, mabonde ya barafu, milima ambayo vilele vyake viliwaka vilipoguswa na taa na kuzimika vilipoachwa. Skrini nyingine zikaanza kunyamaza, moja baada ya moja, watu wakiweka padi chini na kusogea. Hakuna aliyesukumana. Dereva aliendesha taratibu, chini chini, kama anavyopita dereva mahali penye watoto wanaolala.

Kisha barafu ikaanza kutoa mwanga kutoka ndani.

Kwanza mistari myembamba, kama mishono. Halafu mistari ikapanuka, barafu ikafunguka bila sauti, na wakatoka. Hakuna aliyejua awaite nini. Walikuwa wakubwa kuliko milima waliyotokea, wepesi kama pazia mbele ya dirisha lililo wazi, na ndani ya miili yao mianga ilikuwa ikitembea taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani na kurudi. Walipanda kwa makundi. Walipofika usawa wa chombo hawakukishambulia wala hawakukikimbia. Walikipita, huku na huku, polepole, na kila mmoja alipopita mwanga wake uliingia kwa kioo cha nahodha, ukalimulika lile blanketi juu ya sanduku, ukaingia na chumbani, ukazipaka nyuso zao zote. Mmoja mdogo, mwenye ukubwa wa chombo mara kadhaa tu, akabaki nyuma ya mamaye, akasimama mbele ya kioo. Akatazama ndani. Kisha akafuata wenzake, na wote wakaenda juu, wakichanganyika na nyota mpaka mtu asijue kipi ni kipi.

Redio alikuwa amenyamaza. Hilo nalo watu walilisimulia baadaye. Muuguzi alikuwa akilia bila kujifuta. Kinyozi alikuwa amevua kofia, na hakusema lolote juu ya nywele. Mama Vifungo alihisi ndani ya kifua chake pamefunguka nafasi kubwa isiyo na ukuta, na yeye amesimama katikati, mdogo kama punje ya shanga, wala hakuona ubaya kuwa mdogo namna hiyo. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la mumewe. Hakukumbuka kuuweka.

Chombo kikatikisika kwa mpito wa wale wa mwisho. Sanduku likateleza nyuma.

Na hapo, mbele ya maajabu yale, Dereva akaacha usukani. Akamwinua mzee wake, akamtembeza mpaka nyuma, akalisukuma sanduku kando ya kiti, akalinyoosha blanketi.

Swichi alikuwa amechukua maikrofoni. "Mzee," akasema, "walioweka hiki kitu hapa wanasubiri kusikia. Waambie unataka nini."

Dereva akaitazama maikrofoni kama inayoweza kumng'ata. Akakohoa.

"Kiti cha pili," akasema.

Swichi akamuuliza kiti cha pili cha nini.

"Hapo mbele, kando ya dereva. Sanduku linateleza, mtu hawezi kukalia sanduku." Watu walidhani amemaliza, maana kwa Dereva hayo yalikuwa mengi tayari. "Cha mama watoto. Nyuma kwenye mizigo haoni kitu. Mimi nimeona mambo huko njiani, miaka yote, nikirudi siwezi kuyasimulia, sina maneno. Nataka akae hapo ayaone mwenyewe." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Na asitokee mtu wa kumteremsha."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alitazama sakafu, akaangalia nyaya kama kwamba zimemgeukia swali.

Miaka yote ile Mama Vifungo alidhani mdomo ule uliofungwa ulifungwa dhidi yake. Akalitazama sanduku. Blanketi lilikuwa limenyooshwa pande zote sawasawa, bila mkunjo, kama kitanda cha mgeni anayetarajiwa.

Mwalimu, ambaye hotuba yake ilikatwa katikati, alisema yake inaweza kungoja. Ndugu mafundi walijadiliana kwa minong'ono, kisha wakamwambia Swichi awaulize watengenezaji kama kwenye bunduki hiyo wanaweza kupunguza kitu wapate nafasi ya kiti. Redio alikuwa ameshapata sauti yake. Akataka maikrofoni iletwe kwa wifi yake naye aseme, maana gari si la dereva peke yake.

Mama Vifungo akaipokea.

"Hicho kiti kiwe na mto," akasema. "Safari za huyu bwana hazifiki. Na yule binti wa samawati atengenezewe pindo, anatembea na nguo isiyokwisha."

Sasa wakacheka, wote, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Swichi akazima maikrofoni akasema ameshamaliza, sauti zitaondoka kesho. Watu walirudi kwenye viti vyao, ila wengi hawakushika padi. Walikaa tu, wakitazama zile skrini zao zenye moto kama vitu vya watoto. Muuguzi akasogeza kidole kwenye kitufe cha kuruka, akakiondoa, akageuza chombo chake na kuanza kwenda kwa mwendo wa kawaida.

Mama Vifungo akavuta kiti chake cha plastiki mpaka mikono ya viti viwili ikagongana. Akanyoosha gauni la maua juu ya magoti. Mbele yao dunia isiyo na jina ilikuwa ikizama gizani, na nyota zilikuwa zikirudi, moja, halafu fungu, halafu zote, na njia kati yake imenyooka bila mwisho.

"Tunakwenda wapi?"

"Mbele."

"Basi punguza kidogo," akasema. "Na kule kulia kuna kitu kinang'aa, ukiangalie."

Dereva, ambaye aliendesha nusu ya maisha yake bila mtu wa kumwambia aangalie wapi, hakugeuza kichwa.

"Nimekiona, mama watoto," akasema, na akapunguza.